Baiskeli Isiyokwenda

Bruno alidumu saa sita na dakika kumi. Kisha akashuka kwenye baiskeli, akatembea kama bata hadi ukutani, akaegemea, akawaambia waliokuwepo kwamba ubaya ulikuwa wa kiti. Huyu ndiye kijana aliyekodiwa na shirika la Uzima wa Mama akanyage pedali saa ishirini na nne bila kwenda popote, mbele ya kamera, ili watu wenye huruma wa nchi za mbali walipie kila saa atakayokanyaga. Pesa zingekwenda kwa wajawazito wa Kindu. Bruno alikuwa na kifua kama kabati na jezi tatu mpya. Kila asubuhi alikula mayai manne kwa gharama ya shirika. Baada ya majuma matatu ya mazoezi, mayai yale yote yalikuwa yamefika hapo tu, saa sita na dakika kumi.

Salama, mfagizi wa shirika, alikuwa anapiga deki ukumbini. Maji ya jasho la Bruno yalikuwa yametiririka chini ya baiskeli na kuchafua sehemu aliyokwisha kuisafisha.

"Kaka Bruno, sogea kidogo nipanguse."

"Mama, niache nipumue. Hii kazi haujui namna iko."

"Ninaijua," Salama akasema, akiendelea kupangusa. "Miye nilikanyaga hivi siku mbili. Na sikuwa na suruali ya plastiki."

Bruno akacheka hadi mapaja yakamuuma. Akamwonyesha baiskeli kwa kidevu, kama mtu anayemkaribisha mgeni kwenye kiti kibovu. "Basi panda."

Ilikuwa baiskeli ya chuma, haina matairi. Mbele ilikuwa na gurudumu zito kama jiwe la kusagia, na kioo kidogo kinachohesabu. Ilikuja kwa ndege. Salama akaegemeza fagio la deki, akakaza kitenge katikati ya miguu, akapanda. Hakuwa na nia ya kuonyesha kitu, ila alikuwa amechoka kusimama tangu alfajiri, na kile nacho kilikuwa kiti.

Direkta Ulrich aliporudi kutoka kula alimkuta bado yuko juu. Sakafu ilikuwa imeoshwa nusu. Alifungua kinywa amgombeze, macho yakaangukia kioo, kinywa kikafungwa.

"Saa tatu?" akamuuliza Bruno.

"Na dakika ishirini," Bruno akajibu, kwa sauti ndogo.

Ulrich alikuwa mtu wa viatu vinavyong'aa hata wakati wa mvua, maana mvua haikuwahi kumkuta nje. Akamzunguka Salama mara mbili, kama mtu anayenunua mbuzi. Mwanamke wa miaka arobaini na sita, mwembamba, mfagizi, mama wa hapa hapa. Kwenye picha huyu angeuza kuliko Bruno na jezi zake.

"Mama Salama, unaweza kufikisha saa ishirini na nne?"

"Na deki atapiga nani?"

"Tutapanga. Halafu kontra yako inaisha mwezi wa nane, si ndiyo? Ukifanya vizuri," Ulrich akatabasamu, "tutaona."

Salama alilijua neno hilo. Tangu utoto wake hakuna aliyemwambia "tutaona" halafu kitu kikaonekana. Lakini nyumbani kwake kulikuwa na watu watatu wanaokula na wa nne alikuwa tumboni mwa mkwewe. Akashuka, akaokota fagio la deki, akamalizia sakafu.


Mumewe, Tambwe, alikuwa fundi wa nguo. Aliweka cherehani barazani mwao, mtaa wa Mikelenge, na kwa kuwa kila apitaye barabarani alimsalimu, habari zilimfikia kabla ya wenyewe kuzimaliza.

"Nimesikia unapanda baiskeli," alisema jioni ile, bila kuinua macho kwenye pindo la gauni.

"Njo kazi wamenipa."

"Baiskeli haiendi."

"Haiendi."

"Kama ingekuwa inaenda, ningesema bibi yangu anatafuta mali, anapeleka muchele sokoni. Sasa nitasema nini? Bibi ya Tambwe anatoka jasho mbele ya wanaume, na mahali ameketi asubuhi njo mahali anaketi magaribi?"

"Sema ni ya wajawazito."

"Mujamzito ni huyu," Tambwe akasema, akimwonyesha kwa mkasi Aïcha, mke wa mtoto wao Abdoul, aliyekuwa akichambua sombe, majani ya muhogo, mlangoni, mimba yake ya miezi mitano imelala juu ya mapaja. Abdoul alikuwa machimboni Kalima akichimba mawe, na kutoka kule alikuwa hodari wa kutuma salamu. "Huyu njo mujamzito. Anapata nini kwa miguu yako?"

Salama akaketi kuchambua sombe.

Juma lililofuata alirudi na nguo ya mazoezi aliyopewa na direkta. Ilikuwa suruali nyeusi ya kubana, inayoeleza kila kitu. Tambwe aliiinua kwa vidole viwili, akaitazama mbele na nyuma, akairudisha kitini. Kesho yake asubuhi juu ya cherehani kulikuwa na suruali pana ya kitambaa chepesi, imeshonwa mara mbili pale panapokutana na kiti, na kiunoni imewekwa mpira usiokata. Salama akaivaa.


Mazoezi yakachukua miezi mitatu na nusu. Saa mbili kabla ya kufagia, saa mbili baada ya kufagia, na kila Jumamosi mchana kutwa. Salama alitarajia kwamba mayai sasa yatamhamia yeye. Hayakuhama. Kontra ya Bruno ilisema mayai, na Bruno sasa alikuwa amepandishwa cheo na kuitwa mwalimu. Kazi ya mwalimu ilikuwa kukaa kwenye kiti cha plastiki, kula, na kusoma saa kwenye kioo kwa sauti. Salama alipewa biskuti na chupa ya maji, na chupa aliombwa airudishe.

Jioni Aïcha alimkanda miguu kwa mafuta ya mise, yale ya michikichi. Vidole vya Aïcha vilikuwa na nguvu, na hakuwa mtu wa maswali mengi. Labda ndiyo sababu siku moja Salama akamwambia jambo ambalo hata Tambwe hakuwahi kulisikia lote.

Ilikuwa mwaka wa nne wa vita. Treni ilikuwa imekufa, barabara zimeota majani, na chumvi iliyoletwa Kindu kwa ndege ndogo ilikuwa inapimwa kwa kijiko. Mwanamume aliyeonekana njiani alikamatwa, kila upande wa vita ukimwita mpelelezi wa upande mwingine. Basi Tambwe alijificha darini, na Salama akachukua baiskeli ya mumewe, akapakia chumvi, akaisukuma hadi Kibombo, siku nne, arudi na mchele. Safari ya tatu alikuta kizuizi kipya. Kamanda wake alikuwa na redio isiyokuwa na mawe ya betri. Aliiona dinamo kwenye gurudumu la baiskeli, akafurahi kama mtoto. Wakakata miti miwili, wakaitundika baiskeli gurudumu la nyuma likiwa hewani, wakafunga waya za redio kwenye dinamo, wakamwambia Salama apande.

"Akanyage ili redio iseme?" Aïcha akauliza.

"Njo vile. Miguu ikisimama, redio inanyamaza. Redio ikinyamaza, fimbo inasema."

"Siku ngapi?"

"Mbili. Walikuwa wanasikiliza muziki. Walikuwa wanacheka, wananiuliza nimefika wapi, kama nimepita Kibombo ao bado. Halafu kamanda akachoka na muziki, akachukua nusu ya chumvi, akanirudishia kinga yangu, ile baiskeli, akaniambia asante."

Aïcha aliendelea kukanda. Akahamia mguu wa pili, akasema, "Asante ile ingemukaba."

Bahati mbaya Bruno naye alikuwa akilirudia lile neno la siku mbili, akikisia ni la wakati wa vita, na direkta akalisikia. Ulrich akamwita Salama ofisini, akamkalisha kwenye kiti cha wageni.

"Mama, nimeambiwa uko na historia. Ya vita. Watu wanapenda sana kusikia ile. Utasema mbele ya kamera, dakika tano tu. Ukilia kidogo haina shida."

"Sina historia."

"Bruno amesema..."

"Bruno anasoma kioo. Akasome kioo."

Ulrich akacheka, akaandika kitu kwenye daftari. "Tutaona," akasema.


Siku yenyewe ilianza Jumamosi saa nne asubuhi. Kanuni zilikuwa nyepesi: kila saa Salama alikuwa na dakika tano za kupumzika, na zikipita, kioo kinafuta kila kitu na hesabu inarudi sifuri. Huko mbali, wenye huruma walikuwa wanaiona hesabu hiyo kwenye simu zao, na waliahidi pesa kwa saa ishirini na nne kamili, si saa ishirini na tatu.

Mchana kutwa akakanyaga, na usiku kucha. Kulikuwa na muziki, kisha watu wakachoka na muziki. Alipofika saa ya kumi na tano miguu iliacha kuwa yake, ikawa kama miguu ya mtu mwingine aliyekodiwa naye. Alikuwa akitazama bango ukutani, picha ya mama mnene mwenye furaha amebeba mtoto mnene mwenye furaha. Wote wawili hawakuwa wa Kindu.

Jumapili ilipofika saa moja asubuhi, zilibaki saa tatu. Nje mvua ilikuwa imenyesha. Jeep ya shirika ilikuwa imesimama mlangoni, imeoshwa, imefungwa utepe kwenye vioo, tayari kwenda kuwachukua wageni hotelini. Kwenye milango yake kuliandikwa kwa herufi kubwa: KWA AJILI YA MAMA. Tangu iletwe Kindu miaka miwili iliyopita ilikuwa imembeba direkta, makatoni ya maji, mbuzi wa Noeli na godoro la shemeji ya direkta. Mjamzito hajapata kuikalia.

Tambwe akaingia mbio, mguu mmoja una sandali, mwingine una matope. Ilikuwa mara yake ya kwanza kukanyaga ukumbi ule. Hakumtazama mtu mwingine.

"Mama Abdoul. Aïcha iko anatoka damu. Tangu alfajiri. Mutoto anakataa kutoka. Mukunga amesema hospitali, mbio. Wenye pikipiki watatu wamekuja, wakaona, wakakataa. Wanasema damu itaharibu kiti."

Salama hakusimamisha miguu. "Bwana direkta," akaita. "Jeep."

Ulrich akatazama saa yake kwanza, kisha akautafuta uso wa kusikitika, akauvaa. "Mama, pole sana, kweli pole. Lakini ile jeep inaenda kuchukua wageni. Tutatafuta pikipiki."

"Amesema zimekataa."

"Tutaona."

Ndipo miguu ikasimama. Lile gurudumu zito lilizunguka peke yake mara tatu nne, likanyamaza, na ukumbi mzima ukajua kwamba tangu jana ulikuwa ukisikia sauti. Bruno akasoma kioo kama alivyozoea.

"Saa hii ametumia dakika mbili. Zimebaki tatu."

"Mama, endesha," Ulrich akasema. "Tuzungumze huku unaendesha."

"Nikiendesha hamunisikii."

"Unajua ni pesa ya nani unapoteza? Ni pesa ya wajawazito."

"Mumoja wao iko Mikelenge, nyumba ya pili nyuma ya kiwanja. Léon anajua njia."

Léon, dereva, alikuwa amesimama mlangoni, mkono umo mfukoni juu ya ufunguo.

"Mbili," Bruno akasema.

Mpiga picha hakuwa ameambiwa aache, basi aliendelea. Ulrich akaziba kamera kwa kiganja. Akashusha sauti. "Mama Salama, nitakupa kontra. Mwaka mzima. Naweka sahihi leo. Endesha."

"Léon aende."

"Wageni watasimama kwenye matope?"

"Wako na miguu."

"Moja," Bruno akasema. Kisha akaongeza jambo ambalo halikuwa kwenye kazi yake: "Direkta, muachilie gari."

Ulrich alimtazama Bruno, akaitazama kamera chini ya kiganja chake, akakitazama kioo. Shingo yake ilikuwa imevimba. Alitikisa kichwa kidogo, kama mtu anayefukuza inzi, na Léon hakungoja kichwa kimalize. Tambwe alikuwa amekwisha kuingia garini. Mlio wa jeep uliposikika unakata kona, zilikuwa zimebaki sekunde ishirini, na Salama akakanyaga.


Hakusamehewa. Ulrich alivuta kiti, akaketi mbele yake, simu mkononi, jina la Léon kwenye simu. Akisimama tena, gari litarudishwa, iwe limefika au halijafika. Hivyo Salama alikanyaga bila kujua kama anamwokoa mtu au anamkanyagia marehemu. Hakuomba. Alimtazama direkta viatuni, viatu vile vinavyong'aa, akamdharau kwa kila mzunguko wa pedali, na dharau ile ilimpa nguvu kuliko biskuti.

Saa tatu wageni walifika kwa pikipiki. Walikuwa wanne, na mmoja alivaa suruali nyeupe ambayo sasa haikuwa na jina la rangi. Ulrich alikwenda kuwapokea kwa mikono miwili, akieleza habari za dharura. Waliketi mstari wa mbele wakijipangusa matope. Mmoja wao akauliza kwa sauti ya upole kama yule mama hana kiu. Akaambiwa amezoea.

Saa nne kioo kikaandika ishirini na nne. Wakapiga makofi. Salama alitaka kushuka, miguu haikukubali. Bruno akamshika chini ya kwapa, akamwinua kama gunia, na wote wawili wakaona kwamba kiti kilikuwa kimelowa, kwa jasho na kwa mkojo. Ulrich naye akaona.

"Mama apumzike kwanza kule nyuma," akasema haraka. "Bruno, vaa jezi, panda. Tupige foto."

Salama aliwekwa nyuma ya pazia, juu ya katoni. Kutoka pale alisikia mgeni akiuliza, "Ni huyu?" na direkta akijibu, "Ni timu, ni timu nzima."

Léon akaingia kwa mlango wa nyuma. Shati lake lilikuwa na damu hadi kwenye kola. Akachuchumaa mbele yake.

"Wamemupasua. Mutoto mwanamuke. Wote wawili wanapumua."

Salama alimshika Léon kichwa kwa mikono miwili, akakishikilia hivyo muda mrefu, kama mtu anayekipima uzito.

Ulrich alikuwa amesikia jeep. Alitoka, akafungua mlango wake wa nyuma, akafunga. Alirudi hadi penye pazia, akalisogeza kidogo.

"Mama Salama, hongera kwa mutoto. Kesho asubuhi, mbele ya kazi yote, uoshe kile kiti cha jeep. Damu ikikauka haitoki."

Bruno ndiye aliyemtafutia pikipiki na kuilipa kwa pesa yake, akiwa bado amevaa jezi ya foto. Mwenye pikipiki aliitazama suruali ya Salama kwa wasiwasi.

"Mama, hauna damu?"

"Hapana. Natoka kuendesha baiskeli."

Hospitali, Tambwe alikuwa ameketi kwenye benchi, mikononi ana mtoto aliyefungwa kwa gauni la mteja ambalo halijamalizwa kushonwa. Akamsogezea mkewe nafasi. Mtoto alikuwa mdogo, amekunja uso, kama aliyeudhiwa na kitu alichosikia.

"Umefika wapi na ile kinga?" Tambwe akauliza.

"Sikufika."

Tambwe akacheka bila sauti, mabega tu. Kisha akapangusa macho kwa mkono usio na mtoto, akasema ndani kuna joto, aende amwone Aïcha.


Jumatatu Salama alikwenda kazini akijikongoja kwa fimbo. Tambwe alikuwa amemuuliza alfajiri kama ni lazima. Alijibu kuna kitu cha kuosha. "Na baada ya pale?" Tambwe akauliza. Salama akamwambia ashone sana.

Jeep ilikuwa uani, na nzi wameshaijua. Léon alikuwa ameteka maji, ameshika kitambaa. Salama akamnyang'anya.

"Hii ni ya nyumba yangu," akasema.

Akaosha kwa sabuni, akabadili maji mara tatu, akasugua mishono ya kiti kwa kucha, hadi maji yakatoka kama yalivyoingia. Hakuharakisha. Alikuwa bado anakamua kitambaa Ulrich alipotoka ofisini, mwenye furaha, simu sikioni. Alipomaliza kuzungumza akasema wenye huruma walikuwa wamelipa wote, na wengine wameongeza, kwa sababu ya dakika ile ya jeep. Walifikiri ilikuwa imepangwa.

"Mwaka kesho tunafanya saa thelathini na sita. Kontra yako iko mezani. Na ile historia ya vita, mama, sasa lazima tuichukue. Leo mchana. Lakini kwanza ukumbi na vyoo, wageni waliacha matope kila mahali."

Salama alikitandaza kitambaa juani, juu ya mlango, juu ya maandishi. Akafungua fundo la kitenge, akatoa funguo za ukumbi, akaziweka juu ya boneti.

"Kiti nimeosha kwa sababu ile damu ni yetu," akasema. "Matope ni ya wageni wenu."

Ulrich alimwita kwa jina mara mbili. Salama alikuwa anashughulika na ngazi tatu za lango, na kila ngazi ilihitaji mashauri na mapaja. Nje akapumzika kidogo kwenye ukuta. Kisha akaelekea sokoni kumtafutia Aïcha samaki wa supu, na pale akabishana bei kwa muda mrefu, hadi mwenye samaki akakasirika na kumpunguzia.